Nani Atie Saini Kwenye Chumba cha Boila?

MWANDISHI: Hoja ninayoileta ni hii: katika gereza linaloendeshwa kwa mvuke, msimamizi wa mitambo apewe mamlaka ambayo mkuu wa gereza hawezi kuyatengua, na mamlaka hayo yahusu mambo mawili tu. La kwanza ni kuzima mtambo aliouona kuwa hatari. La pili ni kupeleka kumbukumbu za joto la selo na la maji kwa mkaguzi aliye nje ya gereza, bila kupitia kwenye meza ya mkuu. Mifano yangu ni ya Marekani. Huko kuna watu wapatao milioni 1.9 vifungoni, katika majimbo mengine yenye baridi ya kuua na mengine yenye joto la kuua, na nyaraka za mahakama na za wakaguzi ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Msomaji aliyezoea kuiona boila kwenye kiwanda cha chai au cha sukari huenda akauliza gereza linaitakia nini. Kwa gereza kubwa la nchi ya baridi, karibu kila kitu hutoka humo. Mvuke huondoka kwenye jengo la mitambo kwa mabomba yaliyopita chini ya ardhi, ukapasha mabweni, ukachemsha masufuria ya jikoni, ukaendesha dobi, ukatia moto maji ya kuoga na kutakasa vyombo vya zahanati. Msimamizi wa jengo hilo huongoza zamu saa 24, sikukuu na siku za kazi, na sehemu kubwa ya kazi yake haionekani kwa mtu yeyote. Kwa mfano, fundi wa zamu hufungua vali ndogo iliyo chini ya swichi ya kina cha maji na kuyamwaga kidogo, huku macho yake yako kwenye moto. Maji yakishuka, swichi lazima ikate mafuta na moto ufe papo hapo. Ukifa, anaandika saa na jina lake kwenye daftari. Usipokufa, boila hiyo haifai kuwaka hata dakika moja zaidi, kwa sababu siku maji yatakapopungua kweli, chuma kitaungua kikavu na kulainika. Kisha, kwa kuwa hapa ni gerezani, fundi anarudi kwenye ubao wa zana uliochorwa umbo la kila spana na kila msumeno. Umbo likionekana tupu na hakuna anayejua kifaa kimekwenda wapi, shughuli zinasimama hadi kipatikane.

ULINZI: Ndugu mwandishi, mafahali wawili hawakai zizi moja. Gereza lina mkuu mmoja, na askari wote wanajua amri inatoka wapi. Leo mnataka fundi azime boila kwa hiari yake saa kumi jioni, chakula kikiwa hakijaiva na mabweni yakianza kupoa. Yeye ataandika kwenye daftari lake na kwenda nyumbani. Sisi ndio tutakaoingia ndani na ngao wakati wafungwa elfu mbili wameanza kugonga milango. Fundi anajua vali, hajui watu. Tena mitambo yake ndiyo njia ya watoro, mkitaka ushahidi tazameni Dannemora. Wenye kujua mabomba ndio wa kuchungwa zaidi, si wa kuongezewa madaraka.

MWANDISHI: Nashukuru ndugu yangu wa ulinzi kwa kuitaja Dannemora, maana nilikusudia kuanzia hapo. Juni 2015, wafungwa wawili waliohukumiwa kwa mauaji walitoroka kwenye gereza la Clinton, lililoko kijiji cha Dannemora kaskazini mwa jimbo la New York, gereza lenye asili ya mwaka 1845. Walikata kuta za nyuma za selo zao, wakaingia kwenye vichochoro vya mabomba, wakashuka hadi kwenye handaki, na hatimaye wakakata bomba kubwa la mvuke, wakatambaa ndani yake na kutokea kwenye chemba iliyokuwa mtaani, nje ya ukuta. Swali la kujiuliza ni jinsi mtu anavyoweza kutambaa ndani ya bomba la mvuke asiive. Jibu ni kwamba majira ya baridi yalikuwa yamekwisha na mvuke wa kupasha majengo ulikuwa umefungwa kwa msimu. Bomba ambalo Januari lilikuwa kizuizi kikubwa kuliko ukuta wowote, Mei liligeuka njia. Hilo ni badiliko la ramani ya gereza, na anayelijua kwa saa na tarehe ni mtu wa boila. Vipande vya msumeno wa chuma viliingizwa na msimamizi raia wa karakana ya ushonaji, vimefichwa ndani ya nyama iliyogandishwa, na askari mmoja akaipeleka nyama hiyo kwa wafungwa. Mkaguzi Mkuu wa jimbo, katika ripoti yake ya 2016, alilaumu hesabu za usiku zilizofanywa kwa mazoea na mahandaki yaliyoachwa bila kukaguliwa ipasavyo. Kwa hiyo Dannemora haikutokea kwa sababu fundi alikuwa na madaraka mengi. Ilitokea mahali ambapo habari za mabomba na habari za ulinzi zilikaa katika vichwa tofauti, na hakuna utaratibu uliolazimisha zikutane. Ningependa siku ya kufunga mvuke wa msimu iwe na karatasi yenye saini mbili, ya msimamizi wa mitambo na ya ofisa wa ulinzi, na mahandaki yapitiwe siku hiyohiyo. Msimamizi asiye na sauti hawezi kuilazimisha karatasi hiyo kuwapo.

Kuhusu kuzima, tusizungumze kana kwamba jambo hili ni geni. Maji yakigeuka mvuke katika hali ya kawaida ya hewa hutanuka zaidi ya mara 1,600, na ndiyo maana boila iliyopasuka haivuji tu, inang'oa jengo. Machi 20, 1905 boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Massachusetts ililipuka, ikapaa kupitia paa, jengo likaanguka na kuwaka, watu 58 wakafa. Miaka miwili baadaye jimbo hilo likatunga sheria ya boila, na muda si mrefu Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha Marekani kikatoa kanuni zake, ambazo hadi leo ndizo msingi wa kazi hii katika nchi nyingi. Maana ya sheria hizo ni kwamba mwenye kiwanda alinyang'anywa neno la mwisho. Mkaguzi kutoka nje akikataa kutoa cheti, boila haiwaki, hata mwenye mali apige kelele vipi kuhusu oda za wateja. Tajiri wa viatu amelikubali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Sioni kwa nini mkuu wa gereza, ambaye boila si mali yake na walio ndani hawakuja kwa hiari, awe juu ya tajiri wa viatu. Na kama kuna anayedhani haraka ya wakubwa si hatari, akumbuke meli ya Sultana. Aprili 1865 ilipandisha watu zaidi ya 2,000 wakati uwezo wake halali ulikuwa 376. Wengi wao walikuwa wanajeshi wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, waliotoka tu kwenye kambi za mateka za Kusini. Boila moja ilikuwa imeharibika, na fundi aliyeitwa kuitazama katika mji wa Vicksburg alitaka kufanya matengenezo makubwa. Nahodha hakutaka kuchelewa na kukosa nauli ya abiria hao, pakabandikwa kiraka cha bati jembamba kuliko chuma cha awali. Siku chache baadaye, karibu na Memphis, boila zilipasuka usiku. Waliokufa ni zaidi ya 1,100, wengi wao watu waliokuwa wameokoka kambini. Wataalamu bado wanabishana kama kiraka kile ndicho kilichoanza kuachia. Ubishi huo hauhusu nani aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu matengenezo, nalo halikuwa la fundi.

Hata hivyo namkubalia ndugu wa ulinzi jambo moja. Kuzima kwa dharura ni kitu kimoja, na kuzima kwa ratiba, boila ifunguliwe, isafishwe ukoko wa chokaa na kukaguliwa ndani, ni kitu kingine. Tarehe ya ratiba ipangwe na mkuu wa gereza, maana yeye ndiye ajuaye lini kuna askari wa kutosha na lini bweni fulani limechafuka. Asichoweza ni kuisogeza mbele mwaka hadi mwaka.

HAZINA: Mimi sina ugomvi na saini. Nauliza fedha. Msimamizi mwenye mamlaka ya kuzima ataanza kutaka boila ya akiba, kisha boila ya akiba ya akiba, vipima joto kila selo, wahandisi wa usiku wenye leseni. Kila anachokiita hatari kitakuwa na bei, na bei italetwa kwangu. Majengo ni ya zamani, na bajeti imekwisha gawanywa kabla hatujaifikia karakana.

MWANDISHI: Bwana Mhazini, bei unayoiogopa unailipa tayari, ila unailipa kwa wanasheria. Januari 27, 2019 moto wa umeme uliwaka katika kituo cha mahabusu cha serikali kuu kilichoko Brooklyn, New York, chenye watu zaidi ya 1,600. Kwa muda wa wiki moja, katika baridi kali ya mwaka ule, sehemu kubwa ya jengo haikuwa na umeme wa kawaida. Selo zilikuwa gizani, ziara za familia na mawakili zikasimamishwa, na walio barabarani wakasikia mahabusu wakigonga madirisha. Watu wengi walihitimisha kwamba moto ndio ulioleta baridi. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alipochunguza, ripoti yake ya Septemba mwaka huohuo ilitenganisha mambo hayo mawili: umeme ulikatika kwa sababu ya moto, lakini matatizo ya joto yalitokana na hitilafu za mitambo ya kupasha na kusambaza hewa, hitilafu za muda mrefu ambazo zilikuwapo kabla ya moto. Jengo halikuwa na vifaa vya kutosha vya kupima na kudhibiti joto, kiasi kwamba baadhi ya sehemu zilikuwa na baridi mno na nyingine moto mno ndani ya kuta zilezile. Mwaka 2023 kesi ya waliokuwa humo ikamalizika kwa makubaliano ya takriban dola milioni 10. Huko Rikers, gereza la jiji hilohilo, Februari 2014 mahabusu aliyewahi kuwa mwanajeshi alikutwa amekufa kwenye selo ambayo joto lake lilifika takriban nyuzi 38 za Selsiasi, wakati nje ni majira ya baridi. Mfumo wa kupasha ulikuwa na hitilafu. Jiji lililipa familia dola milioni 2.25. Na mwaka 2023 Mkaguzi Mkuu yuleyule wa Wizara ya Sheria aliripoti kwamba magereza yote 123 ya serikali kuu yalihitaji matengenezo, na kwamba makubwa peke yake yalikadiriwa kugharimu dola bilioni 2 hivi. Deni la namna hiyo halizaliwi siku moja. Linakua kila mara mtu anapoandika kwamba pampu imechoka na mwingine aliye juu yake anaandika kwamba isubiri.

MLIPAKODI: Sasa niacheni na mimi niseme, maana nyote mnagawana fedha zangu. Kuna wazee huru wanaozima hita zao kwa kushindwa bili. Kuna wafanyakazi wanaopanga kwenye vyumba visivyo na kiyoyozi. Aliyeiba na kuua apewe joto la kupimwa kwa daftari? Gereza si hoteli.

MWANDISHI: Gereza si hoteli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Mgeni wa hoteli akihisi baridi huomba blanketi, akikataliwa huhama. Mzee mwenye bili kubwa ameonewa, na namtetea, lakini anaweza kuvaa koti la pili, kwenda kwa jirani, kufungua dirisha. Hospitali ikikosa mvuke huhamisha wagonjwa, shule hurudisha watoto nyumbani. Mfungwa amenyimwa ufunguo wa mlango, wa dirisha na wa sanduku la nguo, na aliyemnyima ni serikali kwa jina lako wewe mlipakodi. Kwa hiyo joto la selo halitoki mbinguni, ni tendo la serikali, lililofanywa kwa mkono wa mtu wa boila. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuona uzito huo mwaka 1991 katika kesi ya Wilson dhidi ya Seiter. Ilieleza kwamba selo yenye baridi usiku, ikiunganika na kutotolewa blanketi, inaweza kwa pamoja kuwa adhabu ya kikatili inayokatazwa na Marekebisho ya Nane ya Katiba. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, unataka mahali wanapolala wafungwa pazingatie hali ya hewa, na hasa ujazo wa hewa, nafasi, mwanga, joto na upitishaji wa hewa. Kanuni hizo ni za nchi zote, zenye boila na zisizo nazo.

Lakini sheria ya Marekani ina mwanya, nami naomba wasomaji waniruhusu nikae hapa kidogo kwa sababu ndio moyo wa hoja yangu. Mwaka 1994, katika kesi ya Farmer dhidi ya Brennan, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba ofisa wa gereza anawajibika pale tu alipoijua hatari kubwa na kuipuuza. Ambaye hakujua, hata kama alipaswa kujua, anaponyoka. Sasa tazama kanuni hiyo inamfanyia nini kiongozi mwenye akili. Kipima joto kikiwa ukutani na daftari likiwa mezani pake, amejua. Kikiwa kimeharibika, hajajua. Bila mtu yeyote kuwa na roho mbaya, utaratibu wenyewe unampa mkuu wa gereza sababu ya kutopenda vipimo. Texas ni mfano wa upande wa joto. Jela za kaunti katika jimbo hilo zinatakiwa kuwa kati ya nyuzi 65 na 85 za Fahrenheit, yaani takriban 18 hadi 29 za Selsiasi, lakini magereza ya jimbo hayamo katika kanuni hiyo. Mtu anayesubiri kesi analindwa na namba, akihukumiwa na kuhamishwa namba inabaki nyuma. Ilibidi wafungwa wa gereza la Wallace Pack waende mahakamani hadi jimbo likakubali mwaka 2018 kuwawekea viyoyozi. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho alisema wazi kwamba joto la magereza ya Texas linavunja Katiba, lakini hakuamuru viyoyozi viwekwe mara moja. Dawa ya mwanya huu ni kuyatoa maarifa mikononi mwa yule ambaye yanamletea hatia. Joto lipimwe na mtu wa mitambo, lisomwe na mtu wa nje, na mkuu wa gereza apokee nakala kama wengine. Hapo hakuna atakayefaidika kwa kutojua.

FUNDI: Nimewasikiliza, waheshimiwa, na hakuna aliyeniuliza mimi. Sitaki. Nina leseni ya boila, sina ya siasa. Mkinipa daftari linalokwenda kwa mkaguzi, kesho askari niliokuwa nawategemea kunifungulia milango watanifungulia polepole. Na siku maji ya bafuni yakimchoma mtu, mtasema msimamizi ndiye aliyekuwa na mamlaka.

MWANDISHI: Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote zilizotangulia, maana inatoka kwa anayebebeshwa mzigo. Nakiri kwamba daftari litamgharimu fundi urafiki fulani. Lakini kuhusu maji ya bafuni, lawama iko mlangoni kwake tayari, apende asipende. Maji ya kuhifadhiwa yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, kwa sababu chini ya hapo, na hasa kati ya 25 na 45, bakteria wa legionela huzaliana kwenye matangi na mabomba. Nyuzi 60 hizohizo zikimfikia mtu bafuni humuunguza vibaya ndani ya sekunde chache tu. Kati ya tangi na bafu lazima iwepo vali ya kuchanganya inayoshusha maji hadi kiasi cha 49 au chini yake. Fundi akipunguza joto la tangi kuokoa mafuta, analeta ugonjwa wa mapafu. Akiiacha vali ichakae, analeta majeraha. Agosti 2015 gereza la San Quentin, California, lilipata mlipuko wa ugonjwa huo, na chanzo kilifuatwa hadi kwenye minara ya kupoza maji ya mfumo wa hewa, kifaa kilicho chini ya watu hawahawa wa mitambo. Kwa siku kadhaa maji yalifungwa, wafungwa wakaletewa maji ya kunywa na vyoo vya kuhamishika. Na mwaka 2012, katika gereza moja la Florida, mfungwa mwenye ugonjwa wa akili alikufa baada ya kufungiwa kwenye bafu ambalo maji yake yaliendeshwa na askari akiwa nje ya bafu hilo. Kipimo kilichochukuliwa baadaye na ofisa wa gereza kilisoma 160 za Fahrenheit, takriban 71 za Selsiasi. Waendesha mashtaka walikataa kufungua kesi mwaka 2017, na chanzo cha kifo kimebaki kubishaniwa. Mimi nabaki na swali la kifundi: maji ya nyuzi 71 yalifikaje kwenye bomba la kuogea? Vali iliyowekewa kikomo na kufungwa kwa kufuli ya fundi haimuulizi askari nia yake.

Kwa hiyo namwambia fundi kwamba mamlaka haya hayamwongezei jukumu, yanamwongezea ngao tu. Leo akiandika kwamba vali ya bweni fulani imekufa na ombi lake likalala kwenye trei ya mtu, ushahidi wake uko ndani ya jengo la mtu huyohuyo. Daftari likiwa na nakala nje, tarehe yake inamlinda. Kuhusu askari wanaofungua milango polepole, hapo sina dawa ya maandishi. Nina pendekezo la ngazi tu: msimamizi wa mitambo aajiriwe na ofisi ya majengo ya jimbo au ya wizara, apandishwe cheo na ofisi hiyo, na mkuu wa gereza awe na haki ya kumzuia kuingia eneo fulani kwa sababu za ulinzi, haki itakayoandikwa sababu na saa kila inapotumika.

ULINZI: Na usiku wa manane, boila imezimwa, nje kuna theluji, nani atawapa watu blanketi?

MWANDISHI: Wewe, ndugu yangu. Stoo ya blanketi iko chini yako, na idadi yake nayo iingie kwenye daftari.